MIZANI IWE YETU: VIJANA WA SIRARI NA KIPIMO CHA MAFANIKIO

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na kilio kilichozidi vilio vyao vingine. Hawakulilia mvua, wala hawakulilia mbegu. Walililia mizani. Mkulima alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi, mnunuzi akaipima, na uzito uliotajwa haukuwa uzito uliomlemea begani. Wakulima hao hawakuridhika na manung'uniko. Walijiunga, wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakikisha kipimo, na kutokana na umoja huo, ambao Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ukazaliwa mwaka 1955 Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria. Baadaye muungano huo ulihesabiwa kuwa mmojawapo wa vyombo vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima.

Twaikumbusha habari hiyo kwa kuwa swali la mizani limerudi, ingawa limevaa nguo nyingine. Kijana wa leo hapeleki pamba. Hupeleka programu ya simu, hesabu iliyopangwa katika kompyuta, au njia mpya ya kupeleka fedha na mizigo. Huanzisha kampuni changa, huhudhuria mikutano ya kufahamiana, hushindania zawadi, hutafuta mwenye mtaji. Lakini akiulizwa kama amefaulu, mara nyingi hutaja kiasi alichopewa na mtu wa mbali. Kwa maneno mengine, mizani imo mikononi mwa mnunuzi. Je, sisi tunayo yetu?

Swali hili lawahusu vijana wa mijini, lakini lawahusu zaidi vijana wa Sirari. Sirari ni mlango. Ng'ambo ya mpaka uko mji wa Isebania wa Kenya, na pande zote mbili wanakaa Wakuria wa ukoo mmoja na lugha moja, waliokatwa katikati na mstari uliochorwa na Wajerumani na Waingereza bila kuwauliza. Barabara kuu itokayo Mwanza na Musoma hupita Tarime, ikafika hapo, ikaendelea Kenya. Malori hupanga foleni, ndizi na mahindi na dagaa huvuka, nguo na vyombo vya nyumbani huvuka. Serikali zetu mbili zimeweka hapo Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani, na Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ndiyo inayotawala vituo vya namna hiyo. Isitoshe, mkazi wa Sirari yu karibu zaidi na Nairobi kuliko alivyo karibu na Dar es Salaam. Upepo wowote uvumao Nairobi humfikia yeye mapema.

Na Nairobi kumevuma upepo mkali. Mwezi Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa. Mwaka uliofuata, katika machafuko yaliyotokea baada ya uchaguzi, vijana wa Kenya walitengeneza Ushahidi, chombo cha kukusanya habari za ghasia kutoka kwa wananchi wenyewe na kuzionyesha katika ramani. Mwaka 2010 ikafunguliwa iHub, nyumba ya kukutanikia wale waliokuwa wakifanya kazi hizo kila mtu chumbani kwake. Kwetu Tanzania, Vodacom ilileta M-Pesa mwaka 2008. Mwaka 2011 Dar es Salaam ilipata vituo vyake vya ubunifu: Kinu kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine Buni, chini ya Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Mambo haya hayakuwa madogo. Yalimwonyesha Mwafrika kwamba chombo cha kisasa chaweza kutengenezwa hapa, na watu wa hapa, kwa haja za hapa.

Lakini pamoja na upepo huo ilikuja desturi ya kupima ambayo yafaa tuichungue. Desturi hiyo huuliza kwanza: kampuni hii imechangiwa mtaji kiasi gani? Kisha huuliza: imeshinda tuzo ngapi, imehudhuria mikutano mingapi, imeandikwa magazetini mara ngapi? Aliyepata dola nyingi huitwa aliyefaulu hata kabla hajauza kitu kwa faida. Hesabu hizo zikijumlishwa nchi kwa nchi, sehemu kubwa ya mitaji ya namna hii katika Afrika imekuwa ikiziendea Nigeria, Kenya, Misri na Afrika Kusini, na wengine wakaonekana kana kwamba hawafanyi lolote.

Hebu tutazame yaliyotokea kwa majirani zetu. Kune, kampuni ya Nairobi iliyopika na kupeleka vyakula, ilifungwa mwaka 2022. Sendy, iliyoshughulika na usafirishaji wa mizigo, ilikabidhiwa kwa wasimamizi wa madeni mwaka 2023. Copia, iliyowafikishia bidhaa watu wa vijijini kwa njia ya mawakala, ilikuwa imechangiwa zaidi ya dola milioni 100 za Marekani, nayo ilifikwa na hayo hayo mwaka 2024. Twiga Foods, iliyoanzishwa mwaka 2014 ili kuunganisha wakulima na wenye vibanda, ilipata dola milioni 50 katika mchango mmoja wa mwaka 2021, na katika miaka iliyofuata ikawapunguza wafanyakazi wake zaidi ya mara moja.

Hatuyasemi haya kwa kuwacheka jirani. Aliyejaribu na kuanguka ana heshima kuliko aliyekaa barazani akitazama. Twayasema kwa sababu ya jambo moja: kampuni hizi zote, katika siku zake njema, zilipimwa kwa mizani ile ya mtaji na zikaonekana nzito. Mizani haikuonyesha kama mteja angeendelea kununua ikiwa punguzo la bei lingeondolewa. Haikuonyesha kama gharama ya kuufikisha mzigo kijijini ilikuwa ndogo kuliko faida yake. Ilionyesha tu kwamba mtu wa mbali alikuwa na matumaini, na matumaini ya mtu wa mbali hukatika mara riba inapopanda huko kwao.

Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alitoa onyo mwaka 1975 ambalo baadaye watu wamelifupisha hivi: kipimo kikigeuzwa kuwa shabaha, huacha kuwa kipimo kizuri. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi anaelewa maana yake. Ukiwaambia watoto kwamba cha maana ni alama za mtihani tu, watakariri mtihani, na kusoma hawatasoma. Ukiwaambia vijana kwamba cha maana ni kuchangiwa, watajifunza kuchangisha. Watakuwa mafundi wa kuwaeleza wenye fedha mambo matamu, huku mama auzaye ndizi Sirari hajapata faida yoyote kwao.

Sasa tutazame upande wa pili, tuone jambo lililofaulu lilifauluje. Kabla ya kuanzishwa rasmi, M-Pesa ilijaribiwa mwaka 2005, na nia ya majaribio yale ilikuwa kuwasaidia watu walipe mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wakaitumia kwa mambo mengine pia, hasa kutumiana fedha. Waliokuwa wakiiendesha waliona hivyo, wakaacha mpango wao wa kwanza, wakafuata haja ya watu. Na kilichoifikisha kila pembe hakikuwa mtambo peke yake. Alikuwa wakala, yule mtu wa kibandani ambaye jirani humwamini kwa fedha yake. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoiunda M-Pesa ni uaminifu wa watu wa kawaida pamoja na ufundi wa wahandisi.

Mfano mwingine watoka nchini mwetu. KopaGas ilifanya kazi Dar es Salaam kwa wazo rahisi: mtu asiyeweza kununua mtungi mzima wa gesi anunue kidogo kidogo kwa simu, kwa kadiri anavyopika, na kifaa cha kupimia kifungwe penye mtungi. Mwaka 2020 ufundi huo ulinunuliwa na kampuni ya Circle Gas kwa dola milioni 25, na ukatumiwa Nairobi katika huduma iitwayo M-Gas. Basi ufundi ulianza Tanzania ukavuka kwenda Kenya, kinyume na wanavyodhani wale wasemao kwamba sisi ni watu wa kupokea tu. Hata hapo, hata hivyo, tusiishie kwenye dola milioni 25. Tuulize: mafundi wangapi wa Kitanzania walijifunza kazi ile? Wangapi walitoka pale wakaanzisha nyingine? Hiyo ndiyo akiba inayobaki baada ya fedha kugawanywa.

Tufike sasa kwenye neno la kujuana. Katika Kiswahili chetu neno hili lina sura mbili, na moja ni mbaya. Tukisema fulani amepata kazi kwa kujuana, twamaanisha amependelewa. Mjomba alimpigia simu mkubwa, na mwenye sifa akaachwa nje. Kwa hiyo kijana wa Tarime anaposikia kwamba ili afaulu lazima ajuane na watu, ana haki ya kushuku. Ikiwa kujuana ni kupeana vyeo na zabuni kati ya wachache waliosoma pamoja, basi ni unyonyaji uliobadilishiwa jina, na ni wajibu wetu kuupiga vita.

Lakini kuna kujuana kwingine. Mwaka 1973 mwanachuoni wa Marekani Mark Granovetter alichapisha uchunguzi wake juu ya watu waliopata kazi kwa kuelekezwa na wenzao. Aliwauliza: aliyekuelekeza mlikuwa mkionana mara ngapi? Chini ya mmoja kati ya watano ndiye aliyeelekezwa na mtu waliyeonana mara kwa mara. Wengi walielekezwa na mtu waliyeonana naye mara moja moja au kwa nadra. Sababu yake si ngumu. Rafiki yako wa kila siku anajua yale unayoyajua wewe. Mtu wa mbali kidogo ndiye aliye na habari usiyokuwa nayo. Mwanachuoni mwingine, AnnaLee Saxenian, alilinganisha katika kitabu chake cha mwaka 1994 majimbo mawili ya viwanda vya elektroniki vya Marekani, moja karibu na Boston na jingine la California. Huko Boston kampuni kubwa zilijifungia, kila moja ikificha yake. Huko California mafundi walihama kutoka kampuni hadi kampuni na kuzungumza kazi zao hata na washindani. Wa California waliendelea, wa Boston wakabaki nyuma.

Tukiyaleta hayo Sirari, twaona kwamba mji huu umejaliwa utajiri ambao haujahesabiwa. Mahali gani pengine katika nchi yetu pana watu wengi kiasi hiki wanaojua kidogo kuhusu upande wa pili? Wakala wa forodha anajua hati gani huuchelewesha mzigo. Mbadili fedha anajua shilingi mbili hizi zinavyopanda na kushuka kati ya asubuhi na jioni. Mama wa biashara ndogo anajua kwamba Jumuiya imeweka cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, au, na hili ndilo baya, hajui kabisa, akaogopa forodha akapita njia za panya. Fundi simu anajua simu zipi zimo mikononi mwa watu, na kwamba nyingi kati ya hizo si za kisasa. Dereva wa bodaboda anajua nani anangoja nini, wapi. Kila mmoja wa hawa ana kipande. Kijana mwenye ujuzi wa kompyuta akikaa na vijana wenzake wa kompyuta peke yao, hana hata kipande kimoja.

Ndiyo maana twaona kwamba mikutano ya vijana hawa haifai kuwa mikutano ya vijana wa kompyuta tu. Mkutano wa kufahamiana wenye maana Sirari ni ule unaomkalisha mwandika programu karibu na wakala wa forodha, na mwalimu wa sekondari karibu na mama wa dagaa, na mtu wa Isebania karibu na mtu wa Sirari. Tayari imekwisha kuwapo huduma iitwayo Sauti, iliyotengenezwa ili kuwapa wafanyabiashara wadogo wa mipakani, kwa simu za kawaida zisizo na intaneti, bei za masoko, viwango vya kubadili fedha na taratibu za forodha. Wazo kama hilo halizaliwi katika ukumbi wa hoteli. Huzaliwa kwa kumsikiliza mtu aliyesimama kwenye foleni.

Hatuwezi kulizungumzia jambo hili bila kutaja sheria za siku hizi. Mwezi Julai 2025 Serikali yetu ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ufundi wa simu na uwakala wa forodha. Mwaka huo huo zilitoka kanuni zinazotaka bidhaa na huduma za humu nchini zilipwe kwa shilingi ya Tanzania. Amri ile ilizusha malalamiko Kenya, na mji wa mpakani ndio unaohisi mambo hayo kwanza. Nia ya kumlinda raia mdogo asisukumwe nje ya soko lake ni nia njema, nasi twaielewa. Lakini raia wa Sirari asijidanganye. Sheria yaweza kumlindia kibanda chake. Haiwezi kumpa maarifa. Ikiwa vibanda vitabaki mikononi mwetu, huku mitambo na programu zinazoviendesha zikibuniwa kwingine, tutakuwa tumelinda mlango na kuuza nyumba. Tena maarifa husafiri kwa watu. Tukiuchukua ulinzi huu kuwa sababu ya kuacha kuzungumza na jirani, tutakuwa tumejiadhibu wenyewe.

Basi tutumie mizani gani? Twapendekeza mambo matano, na yote yaweza kuandikwa katika daftari la shilingi chache.

La kwanza ni mteja anayerudi. Katika kila watu mia waliotumia huduma mwezi wa kwanza, wangapi wamerudi mwezi wa tatu na kulipa bei kamili, bila kubembelezwa kwa zawadi? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

La pili ni kudumu. Tuzo ikiisha, na mfadhili akirudi kwao, kazi inaendelea? Kampuni ndogo inayolipa mishahara ya watu wanne kwa miaka mitano ni nzito kuliko ile iliyoajiri mia kwa mwaka mmoja ikawaacha barabarani.

La tatu ni waliojifunza. Kijana aliyefanya kazi hapo ametoka na ujuzi gani, na amemfundisha nani? Kampuni yaweza kufa na bado ikawa imefaulu, ikiwa imeacha mafundi.

La nne ni kujuana kulikozaa kazi. Tusihesabu waliohudhuria mkutano, wala kadi zilizobadilishwa. Tuhesabu, miezi sita baadaye, ni watu wangapi waliokutana pale wamefanya kazi pamoja, na wangapi kati yao hawakufahamiana kabla. Tuhesabu pia wangapi ni wanawake, maana biashara ndogo ya mpakani wameibeba wao kwa sehemu kubwa, na vikao vya teknolojia mara nyingi huwasahau.

La tano ni aliyeumia. Mtu aliyepoteza fedha yake mtandaoni, au aliyepewa mkopo wa simu wenye riba ya kumkaba, naye ni hesabu. Hesabu isiyokuwa na safu ya hasara ni hesabu ya kujisifu.

Atatokea mtu atuambie: mnadharau mtaji, na bila mtaji hakuna kinachokua. Hatuudharau. Mkulima naye alihitaji fedha ya mnunuzi, na ndiyo maana alimpelekea pamba. Aliyokataa ni kudanganywa uzito. Kijana apokee mtaji, lakini akiwa na daftari lake mkononi, ili ajue anauza nini na kwa kiasi gani. Mwenye kujua mteja wake ni nani hawezi kuburutwa na mwenye fedha kwenda kule asikokusudia. Mtu mwingine atasema kwamba vipimo hivi ni vidogo mno, havitamvutia mkubwa yeyote. Huyo twamkumbusha kwamba hata ukubwa peke yake si ngao. Vyama vikuu vya ushirika vilivyotokana na jasho la wakulima wetu vilikuwa vikubwa, na mwaka 1976 vilivunjwa. Vilikuwa vimesongwa na malalamiko ya uongozi mbovu na hesabu zisizoeleweka, na mwanachama wa kawaida hakuwa tena na mkono katika mizani aliyoianzisha mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kazi hii ina wenyewe. Halmashauri za Tarime na Serengeti zaweza kutoa chumba na umeme, jioni moja kwa mwezi, bila kungoja jengo jipya la kufunguliwa kwa utepe. Maofisa wa forodha wa pande zote mbili waweza kuja kusikiliza maswali badala ya kuyangojea dirishani. Shule za sekondari zaweza kuwatuma vijana wao kuandika hesabu hizo tano, nao watajifunza hisabati yenye maana. Wazee wa Kikuria, ambao tangu zamani wameyaamua mambo mazito katika mabaraza yao, waweza kuwafundisha vijana adabu moja ambayo mikutano ya siku hizi imeisahau: anayesema mbele ya baraza ataulizwa siku nyingine kama alilolisema alilitenda.

Na vijana wenyewe wasingoje kuitwa. Wavuke, wajuane na wenzao wa Isebania kwa njia halali na kwa nia safi. Wamuulize mama wa dagaa kabla ya kumuuliza mwenye mtaji. Kisha waandike walichokiona, kilichofaa na kilichoharibika, wakisome hadharani kila mwezi. Wale wakulima wa miaka ya 1950 hawakuwa na kompyuta, na wengi wao hawakujua kusoma. Walijua tu kwamba mtu asiyeshika mizani yake hatajua kamwe amevuna kiasi gani.